Bodrum: Mji wa Warithi Wageni

Katika pembe ya kusini-magharibi ya nchi ya Uturuki, mahali ambapo maji ya Aegean yanaingia katika Bahari ya Mediterania iliyo pana, bara imenyoosha rasi ndefu yenye vilima vya mawe na ghuba ndogo zisizo idadi. Na upande wa kusini wa rasi hiyo, ikikabili kisiwa cha Kos ambacho kinaonekana kwa macho bila ya taabu, iko bandari ya mviringo iliyogawanywa katikati na ulimi wa mwamba. Juu ya mwamba limesimama husuni kubwa, na kila upande wake nyumba nyeupe zimepanda vilimani. Huo ndio mji wa Bodrum, ambao zama za kale ulijulikana kwa jina la Halicarnassus. Na mtu akitaka kuieleza tarikhi yake kwa ufupi atasema kuwa ni tarikhi ya mirathi iliyoangukia mikononi mwa warithi wasio wa damu, kwa sababu karibu kila kaumu iliyoumiliki ilikuja kutoka mahali pengine, ikakuta mali ya waliotangulia, ikaitumia ipendavyo: mmoja akaipamba, mwingine akaiteketeza, wa tatu akaichimba na kuipakia merikebuni, na wa mwisho akaizungushia uzio akatoza kiingilio.

Wenyeji wa kwanza ambao habari zao zimetufikia ni Wakaria na Waleleges, watu wa vilimani na wa baharini pia. Kisha wakaja Wayunani wa kabila la Wadoria, ambao kwa mujibu wa mapokeo yao walivuka bahari kutoka Troezen, wakajenga pwani, wakaoana na Wakaria, hata vizazi vilipopita majina ya Kiyunani na ya Kikaria yakawa yanapatikana ndani ya ukoo mmoja. Mji huu ulikuwa mmoja wa miji sita ya Wadoria iliyofanya shirika la ibada na michezo katika hekalu la Apollo huko Triopion, na ada ya michezo hiyo ilikuwa kwamba mshindi hupewa chombo cha shaba cha miguu mitatu kwa sharti asitoke nacho, bali akitoe wakfu palepale hekaluni. Mtu mmoja wa Halicarnassus, jina lake Agasicles, aliposhinda alikichukua chombo kile hata nyumbani kwake akakipigilia misumari ukutani; na kwa kosa hilo la mtu mmoja mji mzima ukatolewa katika shirika, ikabaki miji mitano.

Habari hii tumeipata kwa Herodotus, naye alikuwa mwana wa mji huohuo, aliyezaliwa yapata mwaka 484 kabla ya Kristo, wakati Halicarnassus ilipokuwa chini ya dola ya Waajemi. Alipokuwa mtoto mdogo, mji wake ulitawaliwa na malkia mjane, Artemisia, ambaye mwaka 480 alifuatana na Xerxes, mfalme wa Waajemi, kwenda kuipiga Uyunani, akiziongoza merikebu tano yeye mwenyewe, wala hapana aliyemlazimisha, maana alikuwa na mwana wa kiume ambaye angaliweza kumtuma. Majemadari walipomhimiza mfalme apigane baharini huko Salamis, Artemisia peke yake alimwonya asipigane. Mfalme akausifu ushauri wake, kisha akaufuata wa wengi, akashindwa. Katika mchafuko wa vita hivyo, malkia alipoona merikebu ya Waathene inamfuata nyuma, na mbele yake njia imezibwa na vyombo vya upande wake, aliipiga kumbo merikebu moja ya wenziwe ikazama, na yule Mwathene, akidhani kwamba huyu lazima ni mwenzake, akageukia kwingine. Herodotus anausimulia ujanja huo kwa furaha isiyofichika, ingawa yeye alikuwa mwenye kuwapenda Wayunani na malkia alikuwa upande wa adui.

Hata hivyo mji haukumweka mwana wake huyo. Lygdamis, mjukuu wa Artemisia, alitawala kwa jeuri, akamwua mshairi Panyassis aliyekuwa jamaa yake Herodotus, na Herodotus mwenyewe akaenda kuishi ugenini Samos, kisha akasafiri Misri na nchi nyingine nyingi akikusanya habari. Miongoni mwa alizokusanya iko moja inayotuhusu sisi watu wa Afrika ya Mashariki. Aliambiwa kwamba Neko, mfalme wa Misri, aliwatuma mabaharia wa Kifoinike kutoka Bahari ya Sham waizunguke Afrika nzima. Wakaenda kusini, wakawa kila mwaka wanashuka pwani kupanda nafaka na kungoja mavuno, hata mwaka wa tatu wakarudi Misri kwa kupitia mlango wa magharibi wa Mediterania. Herodotus akayaandika hayo yote, lakini alipofika kwenye maneno yao kwamba walipokuwa wakizunguka Afrika jua lilikuwa upande wao wa kuume, akasema kuwa wengine wakitaka na wasadiki, yeye hasadiki. Msomaji wa kusini ya Ikweta hana haja ya mwalimu hapa: mtu akielekea magharibi chini kabisa ya bara hili, jua la adhuhuri huwa kaskazini kwake, yaani kuumeni. Neno lililomfanya mwanatarikhi awashuku mabaharia wale ndilo leo linalowatetea. Na kwa kuwa alikuwa mwaminifu wa kuandika hata asichokisadiki, ushahidi wao haukupotea.

Utukufu wa mji wenyewe ulikuja karne moja baadaye kwa mkono wa Mausolus, mwana wa Hecatomnus, Mkaria aliyetawala toka mwaka 377 hata 353 kabla ya Kristo kwa cheo cha wali wa mfalme wa Waajemi, lakini kwa mwenendo wa sultani asiye na bwana. Makao ya baba zake yalikuwa Mylasa, mji wa bara. Mausolus aliiona bandari hii ilivyo na maji ya kutosha, ilivyo na ngome za asili na ilivyo karibu na njia za biashara, akahamishia ufalme wake pwani. Akawakusanya watu wa miji sita ya Waleleges wakae pamoja ndani ya mji mmoja, akauzungushia ukuta ulioandama migongo ya vilima kwa muda wa maili kadhaa, akaweka soko karibu na bandari, na juu ya mwamba akajijengea kasri ya matofali iliyopambwa kwa marumaru, ambayo chini yake, kwa siri, ilikuwako bandari ndogo isiyoonekana kutoka nje.

Alipokufa, utawala ulishikwa na Artemisia wa pili, aliyekuwa dada yake na mkewe, kama ilivyokuwa desturi katika nyumba ile. Watu wa Rhodes, walioona haya kusikia kwamba mwanamke anatawala Karia yote, walileta merikebu zao kuuteka mji. Malkia alizificha zake katika bandari ya siri, akawaamuru raia wapande ukutani wawapigie makofi wageni na kuwaahidi kuwapa mji; wageni wakashuka wote, merikebu zikabaki tupu, na mabaharia wa Artemisia wakatokea wakazikokota hata bahari kuu, na wale walioshuka wakauawa sokoni hali hawana pa kukimbilia. Kisha akazipamba merikebu za Rhodes kwa majani ya ushindi, akapakia askari wake, akaenda nazo Rhodes, na watu wa kisiwa wakamfungulia bandari wakidhani kwamba ni jamaa zao wanarudi.

Lakini jina la Artemisia huyu limeshikamana zaidi na kaburi la mumewe. Wasanifu wake walikuwa Pytheos na Satyros, na waliochonga masanamu ya pande zake nne ni mabingwa wa zama zile: Scopas, Bryaxis, Leochares na Timotheus. Jengo lilipanda kadiri ya mita 45. Juu ya msingi wa mawe palikuwa na nguzo 36, juu ya nguzo paa la ngazi 24 lililokwenda likipungua, na kileleni gari la farasi wanne. Malkia naye alikufa miaka miwili tu baada ya mumewe, kazi haijakwisha. Na yasimuliwa kwamba mafundi, ingawa aliyewaajiri hayupo tena, hawakuondoka hata walipoimaliza, kwa kuwa walikwisha kutambua kuwa kaburi lile litakuwa kumbukumbu ya ustadi wao pia. Wayunani wakalihesabu miongoni mwa ajabu saba za dunia.

Halikutimia miaka ishirini kaburi hilo lilipotazama mji wake unaungua. Mwaka 334 Alexander wa Makedonia aliuzingira mji, nao ulilindwa na Memnon wa Rhodes, jemadari hodari kuliko wote waliowatumikia Waajemi. Na baada ya mapigano makali chini ya kuta, Memnon na wenziwe walipoona hawawezi kushika duara yote, walitia moto maghala na minara usiku, upepo ukaupeleka moto majumbani, wao wakajifungia katika ngome za bandarini. Alexander hakukawia hapo. Aliiweka Karia mikononi mwa Ada, dada yake Mausolus, aliyekuwa amefukuzwa na ndugu yake akikaa katika ngome ya Alinda, na bibi huyo mzee akamfanya mfalme kijana kuwa mwanawe wa kulea. Baadaye mji ulipita kwa wafalme wa Kiyunani wa Misri, kisha kwa Warumi, ambao chini yao ulififia hata Cicero akamsifu nduguye Quintus, aliyekuwa liwali wa jimbo lile, kwa kuuhuisha kutoka katika hali ya kuhamwa. Bado ulizaa wanachuoni, na mmoja wao, Dionysius, alihamia Roma akaandika tarikhi ya Warumi kwa Kiyunani. Ulipoingia Ukristo mji ukawa na askofu wake. Na katika karne zilizofuata zilizala ziliangusha nguzo na farasi wa Mausolus, udongo wa kilimani ukateremka pole pole ukavifunika, na maamiri wa Kituruki wa ukoo wa Menteşe walipoitwaa nchi hiyo, Halicarnassus kuu ilikuwa kijiji tu.

Mwezi wa Desemba 1402 Timur aliiteka ngome ya Smyrna kutoka kwa Wapiganaji wa Mtakatifu Yohane, watawa wa Kikristo wenye kushika panga ambao makao yao makuu yalikuwa Rhodes. Wakiwa wanahitaji mahali pengine pa kusimamisha mguu katika bara ya Waturuki, walipata ruhusa ya kujenga juu ya mwamba wa bandari hii, wakaijenga ngome ya Mtakatifu Petro, ambayo kwayo mji ulipata jina la Petronium, na kwa ndimi za Waturuki likawa Bodrum. Kila taifa katika shirika lao, Waingereza, Wafaransa, Wajerumani na Waitalia, lilikuwa na mnara wake na lilichonga nembo za wakubwa wake ukutani. Na mawe yalipatikana kwa urahisi wa ajabu, kwa sababu chini kidogo ya mashamba ya karibu palikuwa na lundo lisilokwisha la mawe ya kijani yaliyokwisha kuchongwa mraba na mafundi wa zamani. Kwa zaidi ya karne moja watawa hao walilijenga husuni lao kwa kaburi la Mausolus, na wengi wao hawakujua kaburi hilo ni la nani.

Siku za mwisho za uharibifu huo zimesimuliwa katika kitabu kilichochapishwa Lyon mwaka 1581, kwa mapokezi ya mtu aliyekuwapo. Mwaka 1522, ilipojulikana kwamba Sultani Suleiman anakuja na majeshi yake, wapiganaji walitumwa Bodrum kuitengeneza ngome upya, na walipokuwa wakitafuta mawe ya kuchoma chokaa waliona ngazi za marumaru nyeupe zimechomoza katikati ya kiwanja. Wakazivunja na kuzitia motoni, na chokaa ikatoka nzuri. Wakazidi kuchimba, hata siku moja alasiri ardhi ikafunguka mbele yao. Wakateremka na mshumaa mkononi, wakajikuta katika chumba kipana cha mraba chenye nguzo za marumaru na michoro ya vita iliyochongwa pande zote. Wakaistaajabia, wakaisifu, kisha wakaivunja kama walivyovunja ngazi. Mbele palikuwa na mlango mdogo, na nyuma ya mlango jeneza la jiwe. Kwa kuwa kengele ya kurudi ngomeni ilikuwa imekwisha kulia, wakaacha kulifungua mpaka kesho yake. Na walipokuja asubuhi walilikuta limefunguliwa, na vipande vya kitambaa cha nyuzi za dhahabu vimetapakaa chini. Chokaa ile haikuwafaa kitu: Rhodes ilisalimu amri mwishoni mwa mwaka huohuo, na mwanzoni mwa 1523 wapiganaji wakaiacha Bodrum bila ya kupigana.

Chini ya dola ya Uthmaniya kanisa la ngomeni likawa msikiti, na husuni likapungukiwa na kazi, kwani sasa pwani hii na visiwa vya mkabala vyote vilikuwa na bwana mmoja. Fahari ya wakati huo ilikuwa ya watu wa baharini. Katika kijiji cha upande wa magharibi wa rasi hiyo alizaliwa Turgut Reis, mtoto wa watu wa shamba, aliyeinuka kutoka ubaharia mpaka akawa miongoni mwa maamiri wa bahari waliotisha Mediterania nzima, na wali wa Tripoli ya Magharibi, hata alipouawa mwaka 1565 katika kuizingira Malta. Kijiji kile leo ni mji na umechukua jina lake. Na manowari za Sultani zilipoteketezwa na Warusi huko Çeşme mwaka 1770, kilijengwa kiwanda cha merikebu katika bandari ya Bodrum, na ufundi wa kuunda vyombo vya mbao ukakita mizizi ambayo haijang'oka hata sasa.

Karne ya 19 ilileta mrithi wa namna nyingine, mwenye vitabu mkononi na firmani ya Sultani mfukoni. Wasafiri wa Ulaya walikuwa wamekwisha kuona kwamba katika kuta za husuni mmepachikwa vibao vya marumaru vyenye michoro ya vita ya Wayunani na wanawake wa Kiamazon. Mwaka 1846 balozi wa Uingereza, Stratford Canning, alipata ruhusa, vikang'olewa, vikapelekwa London. Miaka kumi baadaye akaja Charles Newton, aliyefuata maandishi ya wakale hata akapajua mahali penyewe lilipokuwa kaburi. Akanunua nyumba za wenyeji zilizokuwa juu yake, akazibomoa, akachimba. Akakuta sanamu mbili kubwa, ya mwanamume na ya mwanamke, ambazo watu wengi wamezoea kuziita Mausolus na Artemisia, na akakuta sehemu ya mbele ya farasi mmoja wa lile gari la kileleni, lijamu yake ya shaba nyeusi ingali kinywani. Akaondoa pia simba wa marumaru waliokuwa katika kuta za husuni. Yote yakapakiwa katika manowari, na yako hata leo katika Makumbusho ya Uingereza. Wako wasemao kwamba Newton aliyaokoa yasichomwe chokaa, na wako wasemao kwamba aliuvua mji nguo zake; mwandishi huyu aona kwamba kauli zote mbili ni za kweli, na kwamba wa kwanza wakiisema yao husahau kuwa tanuu la chokaa lilikuwa limezimwa zaidi ya miaka mia tatu.

Mwaka 1895 husuni lilifanywa gereza. Vita Vikuu vilipokuja, manowari ya Kifaransa Dupleix iliupiga mji mizinga mwaka 1915, na baada ya vita askari wa Italia walikaa humo kwa muda. Kisha ukaja mwaka 1923, ambao katika tarikhi ya pwani zile ni mwaka wa kuhama: kwa mapatano ya Lausanne Wakristo wa Kanisa la Kiyunani waliondoshwa Uturuki, na Waislamu waliondoshwa Uyunani, kila mmoja akaacha nyumba, mizeituni na makaburi ya wazee wake. Familia za Kiyunani za Bodrum zikavuka kwenda visiwani, na mahali pao wakaletwa Waislamu wa Krete, ambao wengi wao lugha waliyoijua sana ilikuwa Kiyunani. Hao nao wakawa warithi wa nyumba ambazo hawakuzijenga.

Mji ulikuwa umebaki maskini wa wavuvi, wazamiaji wa sifongo na wakulima wa machungwa, bila ya barabara ya kufaa, ndiyo maana serikali ikauona kuwa mahali panapofaa kumtupa mtu. Mwaka 1925 akatupwa hapo Cevat Şakir Kabaağaçlı, mtoto wa pasha, aliyesoma Oxford, kwa hatia ya kuandika kisa cha askari watoro waliouawa bila ya kuhukumiwa. Alitazamia jela ya ngomeni. Akaambiwa apange nyumba mjini. Akakodi moja ufukoni, akajifunza kuvua, akaleta mbegu na miche ya miti ya ugenini, mibalungi ikiwa miongoni mwayo, akawagawia majirani. Na adhabu yake ilipokwisha alirudi kwa hiari yake, akakaa mpaka mwaka 1947. Aliandika riwaya na hadithi juu ya wazamiaji na manahodha, akajiita Mvuvi wa Halicarnassus, na akawa huwachukua rafiki zake waandishi kutoka Istanbul, Sabahattin Eyüboğlu na Azra Erhat miongoni mwao, katika vyombo vya wazamiaji, wakale mkate na jibini na zeituni, wakalale juu ya sitaha, wakazizuru ghuba moja baada ya moja. Safari hizo za watu wasio na fedha, walizoziita safari za buluu, ndizo zilizokuja kuwa biashara kubwa ya pwani yote.

Wazamiaji wenyewe waliishi maisha magumu. Walishuka na kofia nzito ya shaba wakivuta hewa ya bomba, wakapanda haraka kuliko mwili unavyostahimili, na wengi walirudi nyumbani wamepooza. Lakini hapana mtu aliyeijua sakafu ya bahari kama wao. Mwaka 1958 nahodha Kemal Aras wa Bodrum, akizungumza na mwandishi wa Kimarekani Peter Throckmorton, alitaja shehena ya shaba iliyolala chini ya rasi ya Gelidonya, ambayo alikusudia kuilipua kwa baruti auze chuma chake. Baruti haikutumika; mwaka 1960 George Bass wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania alikwenda na wenziwe wakaichimba, wakiwa ndani ya maji wao wenyewe, merikebu iliyozama yapata miaka 1200 kabla ya Kristo, na kwa kazi hiyo elimu ya kuchimba mambo ya kale chini ya bahari ikapata msingi wake. Vitu vilivyopatikana vilihitaji nyumba, na husuni lile lililokuwa gereza likafanywa makumbusho.

Mwaka 1982 mzamiaji mwingine, Mehmed Çakır, alimwambia nahodha wake kwamba karibu na Uluburun, mashariki ya Bodrum katika pwani hiyo, ameona biskuti za chuma zenye masikio. Zilikuwa mikuo ya shaba. Uchimbaji ulichukua miaka kumi na moja, toka 1984 hata 1994, kwa mbizi zaidi ya 22,000, nao ulitoa shehena ya karne ya 14 kabla ya Kristo: tani 10 za shaba, tani moja ya bati, kioo cha buluu, pembe za ndovu, meno ya viboko, na muhuri wa dhahabu wenye jina la Nefertiti, malkia wa Misri. Na kati ya vyote hivyo yamo magogo meusi ambayo wataalamu waliyapima wakakuta kuwa ni mpingo, mti uleule ambao Mmakonde huuchonga na ambao hauoti popote pwani ya Mediterania. Ulitoka Afrika, kusini ya Misri, ukapita mikono ya wafanyabiashara ambao majina yao hayakuandikwa, ukaenda kuzama mbele ya pwani ya Waasia miaka mingi kabla Mdoria wa kwanza hajatia nanga Halicarnassus. Katika ukumbi mmoja wa makumbusho ya husuni imewekwa merikebu ya karne ya 11 iliyozama Serçe Limanı, ikiwa na tani tatu za vigae vya kioo kutoka nchi za Mafatimi vilivyokuwa vikipelekwa kuyeyushwa upya, na ndani yake sarafu za Waislamu na za Wakristo zimelala pamoja.

Tangu miaka ya 1970 barabara ilitengenezwa, mahoteli yakajengwa, klabu ya usiku iliyojiita Halikarnas ikafunguliwa mwaka 1979 mkabala wa husuni, na mwaka 1997 ukafunguliwa uwanja mkubwa wa ndege baina ya Milas na Bodrum. Maradhi yaliyoua sifongo za Mediterania katika miaka ya 1980 yalimaliza kazi ya wazamiaji wakati ambapo watoto wao walikuwa wamekwisha kuona kuwa kumtembeza mtalii kunalipa zaidi. Waundaji wa vyombo wakarefusha jahazi zao wakaweka vyumba vya kulala. Sheria ikaamuru nyumba ziwe nyeupe na zisizidi kimo kilichowekwa, nayo imeuokoa mji na minara ya saruji iliyoharibu pwani nyingine. Lakini haikuweza kuzuia nyumba fupi nyeupe zisitambae juu ya kila kilima cha rasi. Wakazi wa wilaya sasa ni kadiri ya laki mbili, na wakati wa kaskazi ya watalii, yaani miezi ya joto, idadi huzidi mara kadhaa. Mlango wa bahari ambao mtalii huuvuka kwenda Kos kunywa kahawa ndio uleule ambao mnamo Septemba 2015 uliitupa ufukoni maiti ya mtoto mdogo wa Kisyria, ambaye wazazi wake hawakuwa na hati za kuuvuka kwa mlango wa mbele.

Mgeni anayekwenda kulizuru kaburi la Mausolus leo hukuta shimo, vipande vya nguzo na mawe ya kijani, kisha huambiwa akalitazame lililobaki ngomeni na London. Wengi husikitika, na wana haki. Lakini tukizipima hesabu za warithi wote hawa kwa uadilifu, tutaona kwamba waliouhifadhi mji zaidi si waliokuwa na nguvu juu yake. Wapiganaji walikuwa na ngome, Newton alikuwa na manowari, ila bahari ya kale ilifunguliwa na nahodha aliyeghairi kuilipua shehena na mzamiaji aliyesema alichokiona, na uzuri wa ghuba ulitangazwa na mfungwa. Mausolus mwenyewe, pamoja na jeuri yake ya kuwahamisha watu, alijenga kwa ajili ya wakazi: alianza na bandari, ukuta na soko, kaburi likaja mwisho. Bodrum ya leo imejengwa zaidi kwa ajili ya wanaolala humo miezi miwili, na wanaokaa humo miezi kumi na miwili ndio wanaofungua bomba la maji wakati wa ukame wakakuta halitoi kitu. Warithi wa sasa hawana tanuu la chokaa wala merikebu ya kuhamishia masanamu, lakini wana kalamu ya kutia sahihi ruhusa ya ujenzi. Na kwa kalamu hiyo watahukumiwa na watakaorithi baada yao, ambao, kwa jinsi mambo yalivyokwenda pwani ile kwa muda wa miaka elfu tatu, yumkini nao watakuwa wageni.